Maji Ndani ya Boti, Boti Nchi Kavu

Ukimkuta mtu uani kwake huko Minnesota akijaza maji kwenye boti kuukuu ya aluminiamu, usidhani amerukwa na akili. Anatafuta inapovuja. Boti iko juu ya trela, naye yuko chini, chaki mkononi, na kila ribiti inayotoa tone anaizungushia duara. Ila asijaze pomoni. Maji ni mazito, trela haitastahimili.

Ribiti hizo zina historia yake. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Grumman, waliokuwa wakiunda ndege za kivita, waliingia kwenye mitumbwi ya aluminiamu, kwa ufundi uleule wa bamba jembamba na ribiti. Ribiti iliyolegea hutaka watu wawili: mmoja nje anagonga, mwenzake ndani ameikinga kwa chuma kizito.

Kwangu mimi, mtihani wenyewe uko tezi, kwenye ubao unaobeba injini. Juu rangi inang'aa. Uchokoe kwa bisibisi, inazama kama kwenye andazi. Ubao huo ni wa kung'oa. Na usiweke mbao zilizotiwa dawa yenye shaba, maana shaba na aluminiamu vikikutana penye unyevu, aluminiamu ndiyo inayoliwa.

Viti vya kuzunguka na kipima kina vinavutia, najua. Lakini kwanza chomoa povu la kusaidia boti ielee, lililo chini ya mabenchi, ulipime mkononi. Likiwa zito kwa maji, limekwisha kazi. Nunua jipya kabla ya hivyo viti.