Nani Asafishe Ardhi Iliyokunywa Mafuta?

Mwezi huu twataka kufikiri pamoja juu ya swali moja. Mtu amenunua kiwanja mahali palipokuwapo zamani matangi ya petroli. Anachimba msingi wa nyumba, na tazama, udongo ni mweusi na wanuka mafuta. Ni wajibu wa nani kuusafisha? Yeye hakumwaga hata tone. Aliyemwaga amekufa, au amehama, wala hajulikani aliko.

Wengi watajibu upesi, "Kosa si langu." Nasi twakubali, kosa si lake. Lakini kwanza tuitazame tabia ya mafuta yenyewe.

Tangi la chuma lililofukiwa huliwa na kutu, likavuja kidogo kidogo pasipo mtu kuona. Mafuta hushuka mpaka penye maji, na hapo huelea, kwa kuwa ni mepesi. Lakini sehemu yake nyingine huyeyuka na kusafiri pamoja na maji. Iliyo mbaya hasa ni benzeni, iwezayo kuleta saratani ya damu. Shirika la Afya Duniani lashauri isizidi miligramu 0.01 katika lita moja ya maji ya kunywa. Basi petroli yenye benzeni sehemu moja katika mia, lita yake moja yatosha kuharibu maji zaidi ya lita 800,000. Tena sisi wa Igogwe twakaa katika nchi ya majivu ya volkano, ambapo mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Maji yanyeshayo mlimani huingia ardhini na kutokea chemchemini bondeni. Aliye juu akinyamaza, aliye chini hunywa.

Jambo la namna hii liliwapata jirani zetu wa Kenya. Mwaka 2015, huko Thange katika Makueni, mafuta yalionekana mtoni na visimani. Yalitoka katika bomba la Mombasa hadi Nairobi, lililoanza kazi mwaka 1978, nalo limezikwa ardhini. Wenyeji walidai haki yao miaka mingi. Hata mwaka 2025 ndipo mahakama ilipoamuru walipwe fidia. Na hapo mwenye bomba alijulikana! Itakuwaje asipojulikana mtu?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania, ya mwaka 2004, yafuata kanuni ya kwamba mchafuzi hulipa. Ni haki, aliyechafua akipatikana, na alipe yeye kwanza. Lakini Torati, katika Kutoka 21, yatufundisha neno zaidi. Inaponena juu ya shimo ambalo ng'ombe au punda ametumbukia, haimtaji aliyelichimba peke yake, bali pia yeye aliyelifunua akaliacha wazi. Basi mwenye kiwanja, jembe lake lilipoufikia ule udongo, alilifunua shimo la mwingine. Tangu siku hiyo ana wajibu, si kwa sababu alikosa, bali kwa sababu amejua.

Je, wajibu huo ni kulipa gharama zote? Hapana, huenda hana uwezo. Kazi yenyewe ni kubwa: kulitoa tangi, kuchimba udongo na kuutandaza mahali pasipopitisha maji, kuugeuza mara kwa mara upate hewa, ili vijidudu vya udongoni vile mafuta, na maji kuyavuta kwa pampu na kuyapitisha katika makaa maalumu ya kuchujia. Huchukua miezi, pengine miaka, nayo yataka mafundi. Lakini maskini naye aweza kuzuia moto usikaribie, kuwaonya watumiao kisima, na kuiarifu serikali ya kijiji na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira.

Hapo ndipo penye jaribu. Akisema, kiwanja chake chapoteza bei. Akikifukia na kumwuzia mwingine kwa uso mkunjufu, apata fedha yake yote. Huyo ndiye amwagaye mafuta mara ya pili. Na wa kwanza huenda hakujua, bali yeye ajua.

Nasi majirani tuna sehemu yetu. Tukimcheka asemaye kweli na kumwacha na hasara peke yake, twamfundisha wa pili kunyamaza. Tumshike mkono, tumtetee mbele ya wakubwa, na tumgawie maji ya kisima chetu. Maana maji ya chini ya ardhi hayajui mipaka ya viwanja vyetu.