Feleji Iliyofichwa Mlangoni

Katika Sura ya 57 ya Kurani, ambayo imepewa jina la chuma chenyewe, Mwenyezi Mungu anakitaja chuma kuwa ni neema aliyoiteremsha, chenye nguvu kali ndani yake na manufaa kwa wanadamu. Na wafasiri walipofika hapo walizoea kuhesabu upande mmoja panga, mikuki na deraya, na upande wa pili majembe, mashoka na ala nyinginezo za kazi. Zama zetu zimeleta chuma ambacho ni taabu kukiweka upande wowote kati ya hizo mbili, kwani si silaha, wala hakilimi wala hakikati: ni ile boriti ya feleji inayolazwa ndani ya mlango wa motokaa, nyuma ya bati la nje, ikakaa humo miaka ishirini bila ya kufanya kazi hata moja, ikingojea saa ambayo mwenye gari anamwomba Mola wake isifike. Jamaa yake wa karibu ni deraya za Nabii Daudi, ambaye twaambiwa alilainishiwa chuma na akaamriwa apime pete zake kwa kadiri. Lakini askari aliweza kuishika deraya yake, kuipima uzito na kuijaribu kwa ncha ya kisu kabla ya kwenda vitani, hali boriti hii haionekani, haishikiki, na haijaribiwi ila mara moja, na mara hiyo ndiyo mwisho wake.

Yuko atakayeuliza kama kumtilia mwanadamu chuma ubavuni si upungufu wa tawakuli. Suali hilo lilikwisha zamani, tangu Mtume (s.a.w.) alipomwambia mtu amfunge ngamia wake kwanza kisha ategemee, na Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, akaeleza katika Ihyaa kwamba kufunga mlango wa nyumba kwa kuchelea mwizi hakuvunji tawakuli. Linalonishughulisha mimi ni jingine: kitu ambacho uzuri wake haujulikani na mnunuzi wala na muuzaji, uzuri huo umekaa wapi? Katika niya ya aliyekifanya, katika ujuzi wa mkono wake, au katika sheria iliyomlazimisha?

Tuitazame sanaa yenyewe, maana asiyeijua kazi hawezi kuihukumu. Feleji ya boriti nyingi za leo ina kaboni kidogo na manganizi, pamoja na boroni iliyo chache mno, sehemu mbili hadi tano tu katika laki moja. Bati lake hutiwa tanurini mpaka likapita joto la digrii 900, likawa jekundu na laini, kisha hutolewa upesi na kubanwa katika kalibu ambayo mwilini mwake hupita maji baridi, hata joto likashuka kwa digrii 30 hivi au zaidi kila sekunde. Na katika muda huo mfupi umbo na ugumu hupatikana pamoja. Kabla ya hapo, uzi wa feleji hiyo wenye milimita moja ya mraba ungekatika kwa uzito wa kilo 60 hivi. Baada yake hubeba karibu kilo 150, na bati la kawaida la gari lingekwisha kukatika penye kilo 30. Waswidi ndio waliotangulia: kampuni ya Plannja iliandikisha haki ya uvumbuzi huo mwaka 1977, na mwaka 1984 Saab wakaitia feleji hiyo katika milango ya gari lao la 9000. Wamarekani nao walikuwa wamekwisha kuamuru, tangu tarehe 1 Januari 1973, kwamba mlango wa motokaa ustahimili kukandamizwa ubavuni, ingawa General Motors waliwahi kutia boriti katika baadhi ya magari yao ya 1969. Na kama waliwahi kwa huruma au kwa kuinusa sheria iliyokuwa njiani, Mungu ndiye ajuaye.

Sasa tuje Mofwe, katika nchi ya Mwata Kazembe, kaskazini mwa Zambia, tushuke hadi Nchelenge, ufukoni mwa ziwa Mweru. Magari yanayochukua watu na magunia ya chisense, dagaa wa ziwa hilo, kutoka soko la Kashikishi kwenda Mansa, na kuvuka daraja la Chembe na kile kipande cha Kongo hadi Copperbelt, aghalabu ni ya mitumba, na mengi yaliundwa Japani kwa ajili ya Mjapani, yakashushwa Dar es Salaam na kupita Tunduma, yakabadili mikono kadha wa kadha kabla ya kuliona ziwa. Aliyeibana ile boriti katika kalibu hakupata kulisikia jina la Nchelenge. Alifanya kwa ujira na kwa kumchelea mkaguzi. Na ikiwa mama muuza samaki aliyeketi dirishani atasalimika siku gari jingine litakapowaingia ubavuni, basi amesalimishwa na mtu asiyemnuia. Nasi tumefundishwa kwamba amali ni kwa niya. Je, mtu huyu ana ajri?

Mimi sina mizani ya thawabu. Lakini naona tumezoea kuitafuta niya kwa kumtazama anayenuiwa, na niya ya fundi huwa katika kazi: mwenye kukusudia kwamba kila kipande kitokacho mkononi mwake kiwe na ugumu uleule, cha asubuhi na cha usiku wa manane macho yanapochoka, amekwisha kuwanuia wote watakaoketi nyuma ya kipande hicho, awajue asiwajue. Na hata kama hakukusudia chochote ila mshahara, mbavu za yule mama ni nzima, na sithubutu kusema kwamba hilo si jema.

Ugumu wa mas'ala uko karibu zaidi na nyumbani. Tuchukulie mlango umebonyea, na mama mwenye gari amelipeleka kwa fundi bodi. "Nitengenezee, mwanangu, kesho nina safari." "Usiwe na wasiwasi, mama, utakuwa kama mpya." Fundi huyu ni mtu mwema, na bei aliyomtajia ni ya huruma kwa kuwa anamjua kuwa mjane. Anaipasha boriti kwa moto wa gesi hata ikawa nyekundu, anainyoosha kwa nyundo, anachomelea palipopasuka, anaiacha ipoe yenyewe kwa upepo wa ziwa; na kwa moto ule ameufuta ugumu wote uliopatikana katika kalibu, ikabaki chuma cha kawaida chini ya rangi inayong'aa. Mtume alipotia mkono katika lundo la nafaka sokoni akakuta umaji chini ya ukavu, alimkemea mwenye mali kwa ghishi. Lakini yule alijua, na huyu wetu hajui. Kwa hiyo tunao wawili: wa mbali asiye na niya naye akasalimisha, na wa karibu mwenye niya safi naye ameharibu.

Sisi wa madhehebu ya Shafii tumepokea kauli yenye nguvu kwamba mkono wa fundi ni mkono wa amana, halipi kilichoharibika ila amefanya taksiri. Na imesimuliwa kwa Sayyidna Ali kwamba aliwatoza mafundi dhamana, akaona watu hawatengenei ila kwa hilo. Nikiambiwa nichague, nitasema kwamba kutojua ni taksiri pale ambapo kujua kunawezekana, na hapa kunawezekana: boriti iliyogumishwa humjulisha fundi yenyewe, maana tupa huiuma kwa taabu na keekee ya kawaida hupoteza makali juu yake. Anayepambana na chuma namna hiyo asijiulize ni chuma gani, niya yake njema ina pengo.

Hata hivyo si haki kumwachia yeye mzigo wote. Zama ambazo Muhammad bin Salih, mtu wa pwani ambaye Livingstone alimkuta kwa Kazembe mwaka 1867, aliishi huko, Wachishinga jirani walikuwa wakiyeyusha chuma chao wenyewe, na aliyefua jembe alikijua chuma chake tangu udongoni. Sasa chuma kimekuja na ujuzi wake umebaki kilikotoka. Ghazali alizihesabu kazi za mikono, tangu ukulima na ufumaji hata ushoni, kuwa ni fardhi kifaya, ambayo mmoja akiitimiza wote wamesalimika, na asipopatikana hata mmoja dhambi ni ya mji mzima. Basi na apatikane Kashikishi fundi anayeijua feleji hiyo, akamwambia yule mjane kwamba boriti hii haipashwi moto, na kwamba dawa yake ni kutafuta mlango mzima wa gari lililokatwa vipuri, wenye boriti ambayo haijaguswa; bei itakuwa mara mbili au tatu, na mjane atahamia kwa fundi wa pili, anayefanya kazi chini ya mwembe kwa nusu ya fedha. Yule mjuzi atalala njaa kwa kuitimiza fardhi ya watu wote, na hapo deni limekwisha kutoka gereji, likawafuata abiria wanaotaka nauli ndogo, mwenye gari, na wakubwa wanaokusanya ushuru wa stendi, kila mmoja kwa kadiri ya uwezo wake wa kulipa.