Draiva Iliyosikika Vizuri Ikadanganya

Fedora 10 ilitoka Novemba 2008, na baadhi ya watumiaji wa Linux walipoweka muziki waliusikia ukikatika-katika. Kadi ya sauti ilikuwa ile ile, na kabla ya hapo haikuwa na neno. Kilichobadilika ni PulseAudio, programu ya kusimamia sauti iliyoanzishwa na Lennart Poettering, ambayo sasa ilikuja na utaratibu mpya. Watu wakaiondoa, muziki ukanyooka, na lawama zote zikabaki kwake.

Hukumu hiyo ilitolewa haraka mno. Programu inayopiga muziki humimina sauti kwenye bafa, yaani akiba ya muda kwenye kumbukumbu, na kadi huisoma ikifuata nyuma. Kwa utaratibu wa zamani, kadi ilipomaliza fungu moja iliishtua prosesa, na fungu jingine likaongezwa. PulseAudio mpya ilijaza bafa sauti ya hadi sekunde mbili, ikalala ili kuokoa betri, kisha ikategemea saa ya kompyuta kuiamsha kabla bafa haijakauka. Kwa hiyo ililazimika kuiuliza draiva, programu inayoendesha kadi, saa yoyote ile: kadi imefika wapi? Baadhi ya draiva za ALSA, mfumo wa sauti uliokuwa ndani ya kerneli rasmi ya Linux kwa miaka kadhaa, zilijibu uongo. Zilisema akiba ingalipo, kumbe imekwisha. PulseAudio ikaendelea kulala, na wimbo ukakatika.

Draiva hizo zilikuwa zimejaribiwa, tena na watu wengi, na msimbo wake ulikuwa wazi kwa yeyote. Ila kujaribu kulimaanisha kuweka wimbo na kusikiliza. Dereva wa lori anayejaza tangi kila kituo hawezi kujua kwamba geji yake ni mbovu. Ataijua siku ya safari ndefu.

Dawa iliyoenea ilikuwa kuandika tsched=0 kwenye faili la mipangilio la PulseAudio, na utaratibu wa zamani ukarudi. Simlaumu aliyefanya hivyo akiwa na kazi mezani. Lakini aliyeishia hapo, bila kuwaarifu watunzaji wa ALSA kadi yake ni ipi na inajibu nini, alimwachia mwenzake ubovu ule ule.

Ilichukua miaka mingi kwa majaribio ya kweli kuingia kwenye kerneli yenyewe. Mwaka 2022, toleo la 5.17 lilikuja na jaribio la Mark Brown, ambalo huandika thamani kwenye kila kidhibiti cha sauti, huisoma tena, kisha hupeleka kusudi thamani iliyovuka mpaka. Kuna draiva zilizopatikana zikizipokea thamani hizo bila kuzikataa. Baadaye likafuata jingine la Jaroslav Kysela, mwanzilishi wa ALSA, ambalo hupeleka kwenye kadi data ya sauti ya sekunde chache na kulinganisha muda uliotumika na ule uliotarajiwa. Muda usipolingana draiva imefeli, hata kama kila aliye chumbani husikia nyimbo vizuri.