Walitazama Bahari, Maji Yakatoka Mlimani

Msomaji wangu, kisa hiki ni cha kweli, na sikisimulii ili kuwacheka waliofikwa. Kosa lililofanyika Derna, mji wa pwani mashariki mwa Libya, ni kosa ninaloweza kulifanya mimi masika yajayo, na pengine wewe pia.

Mwanzoni mwa Septemba 2023 kiangazi kilikuwa kinaelekea ukingoni katika nchi za Mediterania. Wakati huo maji ya bahari ile huwa yamekwisha kupigwa na jua kwa miezi, na mwaka ule yalikuwa na joto kupita kawaida. Bahari yenye joto ndiyo inayoilisha dhoruba. Tarehe 4 dhoruba iliyopewa jina la Daniel ikaanza kuimwagia Ugiriki mvua, na kesho yake kituo cha Zagora kikapima milimita 754 katika muda usiotimia siku moja. Ili upate picha, Dar es Salaam hupata kama milimita 1,100 kwa mwaka mzima. Uwanda wa Thessaly na mashamba yake ukageuka ziwa, na watu 17 wakafa.

Hiyo ilikuwa dalili kubwa, na kila mwenye televisheni aliiona. Dhoruba haikuishia hapo. Ilijipatia nguvu mpya baharini, ikashika njia ya kusini. Libya ikawa na siku kadhaa za kujiandaa. Idara yake ya hali ya hewa ilitoa tahadhari saa 72 kabla. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba watu hawakuambiwa. Waliambiwa. La kujiuliza ni waliambiwa nini.

Waliambiwa habari za upepo mkali, mvua kubwa na bahari kuchafuka. Macho yote yakageukia baharini. Baadhi ya waliokaa karibu na ufukwe wakatakiwa wahame. Wakati huohuo ikatangazwa marufuku ya kutoka nje, na wengine wakaelewa kwamba wanatakiwa kujifungia ndani. Amri mbili zisizopatana, katika mji mmoja, kabla ya usiku mmoja. Na tahadhari zile hazikugusa kabisa mabwawa mawili makuukuu yaliyokuwa nyuma ya mji.

Hapo naomba tukae kidogo, maana ndipo penye kiini cha jambo.

Derna imepasuliwa katikati na korongo ambalo Waarabu huliita wadi. Sehemu kubwa ya mwaka ni kavu. Linaanzia kwenye milima ya Jabal al-Akhdar, yaani Mlima wa Kijani, na kushuka moja kwa moja hadi baharini. Mafuriko yake yalijulikana tangu zamani, ya mwaka 1959 yakiwa miongoni mwa makubwa, ndiyo maana katika miaka ya 1970 yakajengwa mabwawa mawili ya kuuokoa mji. La juu, Abu Mansour, yapata kilomita 13 kutoka mjini, liliweza kubeba mita za ujazo milioni 22.5. La chini, Al-Bilad, lililo jirani na mji, liliweza kubeba milioni 1.5 tu. Piga hesabu mwenyewe. La juu likibomoka, la chini lina uwezo gani wa kuzuia?

Na dalili zilikuwepo, tena si za kufichika. Mwendesha mashtaka mkuu wa Libya alisema baada ya maafa kwamba nyufa kwenye mabwawa hayo zilikuwa zimeripotiwa tangu 1998. Mwaka 2007 kampuni ya kigeni ilipewa mkataba wa kuyakarabati, lakini vurugu za 2011 zikakatiza kazi mapema. Mwaka 2021 wakaguzi wa serikali wakaandika kwamba zaidi ya dola milioni 2 zilitengwa mwaka 2012 na 2013 kwa matengenezo, na matengenezo hayakufanyika. Mwaka 2022 mtaalamu wa maji wa Chuo Kikuu cha Omar Al-Mukhtar, Abdelwanees Ashoor, akachapisha makala akionya kwamba mafuriko makubwa yakija, wakazi wa bonde lile na mji wao watapata maafa. Nani anakaa kusoma makala ya kitaalamu kuhusu maji? Hata mimi nisingeisoma. Lakini waliolipwa mshahara kuyaangalia mabwawa walipaswa kuisoma.

Usiku wa tarehe 10, mjini Al Bayda, huko juu milimani, ilinyesha mvua ya milimita 414.1 kwa saa 24, kiasi ambacho hakikuwahi kupimwa nchini Libya. Karibu na saa tisa usiku mabwawa yakaachia, moja baada ya jingine. Majengo ya ghorofa yalisombwa hadi baharini pamoja na watu waliolala ndani. Waliothibitishwa kufa ni zaidi ya 4,000, na maelfu wengine hawakuonekana tena. Petteri Taalas, aliyekuwa akiongoza Shirika la Hali ya Hewa Duniani, alisema vifo vingi vingeepukika kama mfumo wa tahadhari ungefanya kazi inavyotakiwa. Julai 2024 mahakama iliwahukumu maofisa 12 vifungo vya kati ya miaka 9 na 27. Haki ni haki, ila haikumrudisha mtu.

Nilisema nami nimo. Masika fulani nilipata kwenye simu angalizo la mvua kubwa kwa siku tano. Nikachungulia dirishani, mbingu nyeupe. Dalili ya mvua ni mawingu, nikajisemea, na mawingu siyaoni. Jioni nikafika kwenye korongo ninalolivuka kila siku. Maji yalikuwa ya kifundo cha mguu, lakini yamebadilika rangi kuwa ya udongo, yanaburuta majani na vijiti. Nikaviona vyote hivyo, na nilichowaza ni viatu vyangu. Mama mmoja anayeuza mihogo ukingoni akaniita, "Mwanangu, ngoja kwanza. Huko juu kumenyesha tangu mchana." Nilingoja kwa sababu ya kuona aibu kumkatalia mtu mzima, si kwa sababu nilimwamini. Hatukumaliza hata mazungumzo, maji yakaja yakinguruma, yamebeba gogo. Pale tuliposimama halikuwa limeanguka hata tone moja.

Yule mama hakuwa na kipimo chochote. Alijua tu maji ya korongo lake hutoka wapi, jambo ambalo mimi, mwenye angalizo mfukoni, sikuwahi kuliuliza.

Basi tafadhali, ndugu yangu, angalizo lijalo likikufikia, usiishie kutazama mbingu ya kwako. Jua korongo lililo karibu nawe linaanzia wapi na kuna bwawa gani huko juu. Na kama una ndugu anayeishi huko, mpigie simu kabla hujalala, umuulize kama kumenyesha.