Swichi ya Kusikilizia

Mke mwenzangu,

Simu aliyokununulia mjomba wako nimeiona. Nzuri, kioo kipana kama sinia ya kahawa. Lakini kabla hujapanda basi la kwenda chuoni Dodoma Jumamosi, msikilize bibi yako kidogo, maana mambo ya simu nilianza kuyajua mama yako hajazaliwa.

Najua unacheka. Wewe unamwona bibi anayeishika simu mbali na macho na kuibonyeza kwa kidole kimoja. Mimi nilikuwa opareta. Mbele yangu ulisimama ubao wenye matundu safu kwa safu, kila tundu nyumba au ofisi ya mtu. Mteja akipiga, kifuniko kidogo kinaanguka, tak! Nachomeka waya, nauliza, "Namba?", kisha nachomeka waya wa pili kule anakotaka. Kila jozi ya waya ilikuwa na swichi yake. Ukiisukuma mbele unawasikia, ili ujue kama wamepatana, wakishapatana unairudisha. Ukisahau kuirudisha, ndoa ya watu inavunjika masikioni mwako nawe umekaa unatafuna kashata. Tulikula kiapo cha kutotoa siri, lakini msimamizi wetu hakutegemea kiapo. Alikuwa akipita nyuma ya viti vyetu, hatazami uso wa mtu. Anatazama swichi.

Simu yako ina swichi kama zile, na nyingi umezisukuma mbele mwenyewe, kwa kubonyeza "Ruhusu" bila kusoma ili upate haraka unachokitaka. Ingia kwenye mipangilio, tafuta faragha, halafu ruhusa. Utakuta kamera, maikrofoni, mahali ulipo, meseji, na majina ya watu uliowahifadhi. Gusa moja moja, uone ni programu zipi ulizozifungulia. Ile ya mahali iache ifanye kazi pale tu unapoitumia programu yenyewe. Ramani haina haja ya kujua umelala wapi. Na kama Android yako ni ya toleo la 12 au la baadaye, kitone cha kijani kikitokea juu pembeni ujue kamera au maikrofoni iko wazi. Kama hupigi picha wala huzungumzi na mtu, vuta kioo kutoka juu, kisha kiguse uone nani anasikiliza.

Usidhani nakutungia hadithi. Mwaka 2013 tume ya serikali ya Marekani inayolinda walaji iliibana kampuni iliyotengeneza programu ya tochi. Tochi tu, ya kumulikia! Kumbe ilikuwa ikiwapelekea wafanyabiashara wa matangazo habari za mahali alipo mwenye simu. Kwa hiyo programu ikikuomba kitu kisichohusiana na kazi yake, kataa. Ikigoma kufanya kazi kwa sababu umekataa, ifute. Tochi nyingine zipo.

Sasa nije kwa lililoniudhi hasa. Yule binti wa mpangaji wetu, unamjua, alikopa shilingi elfu hamsini kwenye programu moja ya mikopo. Siku ya kulipa ikampita. Mimi niko jikoni natwanga kitunguu saumu, simu inalia meseji: mwambie fulani alipe deni, ni tapeli, anajificha. Mimi! Sijawahi kumdhamini hata kikombe cha sukari. Jioni nikasikia mwalimu wake wa madrasa ameipata, fundi cherehani ameipata, na posa yake ilikuwa imeshaanza kuzungumzwa, na upande wa pili nao wameipata. Namba zetu walizitoa wapi? Siku ya kukopa aliulizwa kama programu isome majina yote yaliyomo simuni, akabonyeza "Ruhusu".

Wale wakopeshaji niliwalaani, hilo halina mjadala. Lakini hata yeye nilimwambia ukweli: namba yangu haikuwa mali yako ya kugawa. Mimi nilikupa wewe. Namba za watu ni amana, kama waya za watu zilivyokuwa amana mkononi mwangu. Watu wanapokwambieni mlinde faragha, nyinyi vijana mnajibu, "Mimi sina cha kuficha." Haya, huna. Sisi wengine tuliomo humo ndani, umetuuliza?

Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila leseni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi nayo ipo, ya mwaka 2022, na ilianza kutumika Mei 2023. Ni vizuri uijue. Ila sheria inakuja baada ya posa kuvunjika.

Kuhusu wezi sitasema sana, maana mjomba wako atakuhutubia mpaka mfike stendi. Jua tu kwamba simu ikiibwa, hasara kubwa ni laini. Mwizi anaichomoa, anaitia kwenye simu yake, namba za uthibitisho zinaingia kwake, anafungua WhatsApp kwa jina lako, na shangazi zako wote wanapata, "Nimekwama, nitumie laki moja." Kwa hiyo weka namba ya siri ya laini yenyewe, ambayo si ile ya kufungulia kioo. Fanya taratibu: ukikosea mara tatu itataka PUK, ile namba ndefu ya kuifungulia laini, na ukikosea PUK mara kumi laini imekufa. Kile kiplastiki kilichokuja na laini, chenye hizo namba, niachie mimi sandukuni. Kisha kwenye WhatsApp washa uthibitishaji wa hatua mbili. Meseji zisionekane juu ya kioo kilichofungwa. Na siku moja moja bonyeza *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda kaifungishe. Wale wa "ile hela tuma kwa namba hii" usibishane nao, peleka namba yao 15040 uendelee na masomo.

Lililobaki nitalisema polepole, kama bibi.

Huko chuoni atatokea kijana. Mzuri, mcheshi, atakuletea chipsi. Siku moja atasema, kama unanipenda nipe namba ya kufungulia simu yako. Au ataomba umwachie mahali ulipo paonekane kwake saa zote, "nisiwe na wasiwasi". Mama, babu yako niliishi naye miaka arobaini na moja na hakuwahi kufungua mkoba wangu. Akitaka sindano, anaomba nimtolee sindano. Anayetaka kujua kila hatua yako hajaanza kukupenda, ameanza kukuchunga. Wengine hata hawaombi: unaiacha simu wazi unakwenda kunawa, yeye anaiunganisha WhatsApp yako na kompyuta yake. Dakika moja haiishi. Toka hapo anasoma yote unayoandikiwa, hata ukiwa chumbani kwako umejifungia. Ingia kwenye vifaa vilivyounganishwa kila mwisho wa wiki. Usichokitambua, kitoe. Hiyo ndiyo swichi ambayo mtu mwingine amekusukumia.

Nami nisijifanye malaika. Miaka mingi namba yangu ya siri ya pesa niliiandika kwenye kikaratasi nikakibandika ndani ya kava la simu. Nikifika kwa wakala namkabidhi simu na kumtajia namba kwa sauti, foleni nzima ya wauza samaki inasikia. Opareta mzima! Sikuibiwa, Mungu tu. Kikaratasi nilikichoma kwenye jiko la mkaa wiki iliyopita, na namba mpya si mwaka wowote wa kuzaliwa kwa mtu yeyote wa nyumba hii, kwa hiyo usihangaike kukisia.

Jambo la mwisho ni letu wawili. Meseji yoyote itakayoniomba hela kwa jina lako, hata sauti iwe yako kabisa, sitatuma kitu mpaka nikuulize nani alimwaga mchuzi wa papa siku ya Idi. Jibu unalijua, nami nalijua. Usiliandike popote. Mpaka leo mama yako anamlaumu paka.