Mafuta ya Mkaratusi na Ulimi wa Muuzaji

Liko suali ambalo watu wa dini na watu wa soko wamelibishania tangu zamani: mtu akisema jambo lisilo kweli, naye mwenyewe aliamini kuwa ni kweli, je, amesema uwongo? Suali hili laonekana kama la vitabuni tu, la wanafunzi kupitishia wakati baada ya sala ya Isha. Lakini liweke mbele ya chupa ya dawa, na kando ya chupa mlaze mtoto mwenye homa, utaona kuwa si la vitabuni hata kidogo.

Chupa tunayoikusudia ni ile ya mafuta ya mkaratusi. Ni nyumba chache za pwani zisizoijua harufu yake. Mtoto akizibwa na mafua hupakwa kifuani, mzee akiumwa na maungo huchuliwa kwayo, na matone mawili matatu hutiwa katika maji ya moto, mgonjwa akajifunika shuka na kuvuta mafusho. Mti wenyewe si wa kwetu. Asili yake ni Australia, na mwaka 1788 tabibu mmoja, Dennis Considen, alipeleka Uingereza kutoka Sydney mafuta yaliyokenekwa katika majani yake. Kisha mwaka 1852, katika jimbo la Victoria, muuza dawa aitwaye Joseph Bosisto akaanza kuyakeneka kwa biashara, na kwa muda usio mrefu chupa zikasambaa duniani. Mwaka 1870 Mfaransa Cloez akaipa jina ile roho ya mafuta hayo, akaiita yukaliptoli, nayo ndiyo ile ipandayo puani hata machozi yakatoka.

Mafuta haya yana kazi yake. Hufanya pua ijione imefunguka, hulegeza makohozi, na huyapa joto maungo yaliyokaza. Hayo ni kweli, na anayeyakana huyadhulumu. Lakini karne ile ya 19 ilikuwa karne ya dawa za chupa, dawa za siri zilizouzwa kwa nguvu ya karatasi iliyobandikwa ubavuni kuliko kwa nguvu ya kilichomo ndani. Basi mafuta ya mafua yakawa pia mafuta ya baridi yabisi, na ya vidonda, na ya kuharisha, na ya homa za kila namna. Ukweli mdogo ukatwishwa mzigo mkubwa.

Ama kuhusu homa, yafaa tusimame kidogo, kwani hapa ndipo Bondeni inapoingia.

Wasomaji wengi wa pwani hula mchele wa Kyela na kusifu harufu yake, wala hawaijui Kyela yenyewe. Ni tambarare iliyo kaskazini ya Ziwa Nyasa, chini ya milima ya Rungwe, na mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka humo kwenda ziwani. Masika yakikolea mito hufurika, maji hukaa mashambani, mpunga ukafurahi, na mbu wakafurahi pia. Wamisionari wa Kijerumani walipofika nchi hiyo mwaka 1891 walikuta homa. Na ng'ambo ya kusini ya ziwa lilo hilo, Waskochi walianza Cape Maclear mwaka 1875, wakahamia Bandawe mwaka 1881, kisha mwaka 1894 wakapanda juu Khondowe, nyuma yao wakiacha makaburi. Serikali ya Kijerumani nayo ilihamisha makao yake kutoka Langenburg ya ufukweni hadi Tukuyu mlimani. Zama hizo wataalamu wa Ulaya waliamini kuwa homa hutokana na hewa mbaya ipandayo kutoka katika matope. Hata jina la malaria maana yake ni hewa mbaya. Na kama ubaya ni wa hewa, basi mti wenye harufu kali utaisafisha hewa, na mafuta yake yatamsafisha mtu. Ndiyo maana watawa wa Tre Fontane karibu na Rome, baada ya mwaka 1868, walipanda mikaratusi wakitaraji kufukuza homa. Mikaratusi hunywa maji mengi, na mahali pengine ilisaidia kukausha matope. Harufu haikuwa na kazi. Mwaka 1897 Ronald Ross, akiwa India, akavikuta vijidudu vya homa ndani ya mbu, na habari ya hewa ikaisha.

(Katika maajabu ya Mwenyezi Mungu, leo hutengenezwa dawa ya kufukuza mbu kutokana na mkaratusi ule wenye harufu ya limau. Waliutaka mti uifukuze homa, na kumbe aina mojawapo ilikuwa na ugomvi na mbu.)

Lakini homa ya Bondeni haikusubiri elimu za watu. Na homa ya malaria ina tabia moja iliyowasaidia sana wauza dawa wasiojua na wale waliojua: hupanda na kushuka. Mtoto huwaka moto jioni, alfajiri akatoa jasho akapoa. Mama aliyempaka mafuta usiku ataona asubuhi mwanawe amepoa, naye atasema, wallahi mafuta yamefanya kazi. Atamwambia jirani, na jirani atamwambia mwingine. Wale wa karne ya 19 walizichapa barua za namna hiyo magazetini: fulani aliugua, akatumia, akapona. Mtu asome barua elfu azikute zote ni za waliopona, kwa kuwa waliokufa hawaandiki barua.

Sasa turejee kwenye suali letu. Muuzaji wa namna hii huenda akawa mwaminifu wa moyo. Mwenyewe hupaka, wanawe huwapaka, na barua amezisoma. Je, ni mwongo?

Imam Nawawi, Mungu amrehemu, amelipambanua jambo hili kwa namna itukatayo kiu. Ameeleza kuwa katika madhehebu ya Ahlu Sunna uwongo ni kulieleza jambo kinyume cha lilivyo, akiwa msemaji amekusudia au hakukusudia. Ila dhambi humpata aliyekusudia. Tazama jinsi mambo mawili yalivyotenganishwa. Neno lenyewe lina hukumu yake, na moyo wa msemaji una hukumu yake. Kuwa moyo umesalimika hakulifanyi neno kuwa kweli.

Marekani walilipita jambo hili kwa taabu. Mwaka 1906 walitunga sheria ya kuzuia maandishi ya uwongo juu ya chupa za dawa. Mwaka 1911 mahakama yao kuu ikaamua kuwa sheria hiyo yahusu kilichomo ndani ya chupa tu, si ahadi ya kuponya. Mwaka 1912 wakaongeza kipengele cha kukataza ahadi za uwongo, lakini kwa sharti ithibitike kuwa muuzaji alikusudia kudanganya. Basi kila mshitakiwa akawa ana njia ya kusema, mimi niliamini. Ni mwaka 1938 tu ndipo sharti hilo lilipoondolewa. Na sisi? Katika karne ya 12 ya Miladi, Sham, Shayzari aliandika kitabu cha kazi ya muhtasib, akaeleza namna ya kuwakagua wauza dawa na watengeneza sharubati na ghishi zao. Muhtasib huyo alitazama kilichomo ndani ya chombo.

Tena Bwana Mtume (S.A.W.) ametufundisha, katika Hadithi aliyoipokea Abu Daud, kuwa anayejitia utabibu naye hajulikani kwa utabibu, basi ana dhamana. Haikutajwa nia yake. Huenda alimhurumia mgonjwa kuliko ndugu zake. Dhamana iko pale pale, kwa sababu kosa lake lilitangulia kabla ya dawa: alitangulia kusema kabla ya kujua, na kulikuwa na wa kumuuliza. Huyu asemaye niliamini, sisi twamuuliza: uliamini kwa dalili gani? Kama dalili yako ni faida uliyoipata, hiyo si dalili.

Asije mtu akadhani twayasifu ya hospitali na kuyabeza ya majani. Kwinini, iliyopatikana mwaka 1820, imetoka katika ganda la mti. Dawa mseto ya malaria, ambayo Tanzania imeitumia tangu mwaka 2006, asili yake ni jani la Uchina la jamii ya pakanga, lililochunguzwa na Bibi Tu Youyou na wenzake miaka ya 1970, akapewa nishani ya Nobel mwaka 2015. Majani yalijaribiwa kwa wagonjwa, wakahesabiwa waliopona na wasiopona. Mkaratusi nao ulipewa nafasi yake; katika pua ulifaulu, katika malaria haukufaulu. Mwaka 2020, ulipoingia ugonjwa wa Uviko-19, nchi nzima ilipiga nyungu, na majani ya mkaratusi yakatafutwa kila sokoni, na wakubwa wakayasifu hadharani. Aliyevuta mafusho akaona pua imezibuka hakudanganyika. Aliyeambiwa kuwa mafusho yameua ugonjwa aliambiwa jambo ambalo msemaji wake hakuwa na ujuzi nalo, na wapo walioacha kwenda hospitali kwa sababu hiyo.

Hapa wako watakaokasirika, lakini nitasema. Milangoni mwa misikiti yetu huuzwa chupa za habbasoda zilizoandikwa kuwa zinaponya kila kitu isipokuwa mauti, na muuzaji husema hayo ni maneno ya Mtume, nani atamkanusha? Hakanushwi Mtume (S.A.W.). Lakini Khattabi, mwanachuoni mkubwa wa Hadithi, amesema kuwa tamko hilo ni la jumla na muradi wake ni maradhi mahsusi. Muuzaji hakumsoma Khattabi. Amechukua Hadithi akaifanya karatasi ya kubandika, na hili naliona zito kuliko la Bosisto, kwani Bosisto hakuuza kwa jina la Mtume.

Upande wa mnunuzi, mama wa Bondeni nisingependa alaumiwe. Masika njia hukatika, zahanati iko ng'ambo ya mto, na chupa iko juu ya rafu. Ila asidhani kuwa kubaki na chupa ndiyo tawakkul. Sayyidna Umar (r.a.) alipokuwa akielekea Sham, akapata habari ya tauni, akarudi. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Naye akamjibu kwa mfano wa bonde lenye pande mbili, moja lina majani na moja kavu. Ukichunga huku au kule, kote umechunga kwa kadari ya Mungu. Homa ya mtoto ikizidi, upande wa majani ni kupimwa damu siku hiyo hiyo, maana malaria kali huweza kumwondoa mtoto katika siku moja au mbili. Mafuta yapakwe, hayazuii. Ila yasinyweshwe kamwe: kijiko kimoja cha chai cheweza kumtia mtoto mdogo degedege na kumzimisha fahamu.

Na mwenye duka huko Kyela, aliyenunua chupa zake kwa jumla zikiwa zimekwisha andikwa, atasema: mimi sikuandika, nifanye nini? Bwana Mtume (S.A.W.) alipita sokoni, akatia mkono katika rundo la nafaka, vidole vikatoka na umaji. Mwenye nafaka akajitetea kuwa imenyeshewa na mvua. Mvua hakuileta yeye. Bado aliulizwa kwa nini asiiweke juu ile iliyolowa watu wakaiona. Basi naye mwenye duka, akija mzazi usiku na mtoto anayewaka, amwambie kwa mdomo wake lile lisiloandikwa kwenye karatasi: haya ni ya kifua na pua, homa hii kapime. Huenda mzazi akaondoka bila kununua. Hasara yake ni bei ya chupa moja.