Tumekubaliana na Nani?

"Kuna swali? Hakuna? Basi tumekubaliana." Kama umewahi kufanya kazi kwa Zoom, umeshayasikia hayo maneno, pamoja na zile sekunde tatu za kimya katikati. Nauliza tu: tumekubaliana na nani?

Anayeendesha mkutano atakwambia amejaribu. Ametuita kwa majina, amepigisha kura, ametuomba tuwashe kamera. Mbinu hizo si mbaya. Ila zote zinadhani sisi ni wavivu au waoga, wakati kuongea kuna bei, na hatulipi bei sawa. Mimi nakaa Tassia, orofa ya nne. Nikifungua maiki mmeingia kwangu wote: makanga anaita abiria, fundi anakata vyuma, mtoto wa jirani analia kama yuko mapajani mwangu. Bosi anakaa Runda. Kwake wanalia ndege; kwangu inapita ndege ikielekea JKIA. Kamera nayo inakula bando la pesa yangu.

Lakini watu huilipa bei hiyo wakiona inanunua kitu. Tarehe 5 Julai 2024 Rais Ruto aliingia kwenye Space ya X kuongea na vijana, na wasikilizaji wakapita laki moja. Waliopata nafasi walimuuliza maswali makali, hata kuhusu waliouawa kwenye maandamano. Nani aliwabembeleza waongee? Siku tisa kabla, alikuwa amekataa kutia sahihi Mswada wa Fedha. Watu walikuwa wameona kwa macho yao sauti ikisogeza kitu.

Sasa linganisha na kazini kwetu. Tuliombwa maoni kuhusu saa ya kikao. Watu sita wakaongea, wawili kati yao huwa hawaongei kabisa: saa moja asubuhi inatupata kwa matatu, kwenye jam ya Outering. Wiki iliyofuata, saa ni ile ile, na hakuna aliyetueleza kwa nini. Leo tunaambiwa eti tumepoa.

Hata mahakama zetu zimevutana juu ya jambo hili. Julai 31 mwaka huo huo, Mahakama ya Rufani ilibatilisha Sheria ya Fedha ya 2023, sababu moja ikiwa Bunge halikuwaeleza wananchi kwa nini maoni yao yalikataliwa. Oktoba 29 Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo.

Mawakili wabishane. Mimi naongelea deni la kawaida kati ya watu: ukinialika niongee, nakudai jibu. Si lazima ukubali. Sema umesikia, hutafanya, na sababu ni hii. Na kama uamuzi ulishapita, tuambie mapema kwamba hilo ni tangazo. Tutalisikiliza maiki zikiwa zimezimwa, halafu tuendelee na kazi.